Mpuliza tarumbeta na wiki sita za kupumzika: uchambuzi wa kisa cha Machame

Mgonjwa ni mwalimu mstaafu wa miaka 58, mkazi wa Machame kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mpuliza tarumbeta wa sauti ya kwanza katika kikundi cha matarumbeta cha usharika wake. Amefanyiwa upasuaji wa ngiri ya kinena, upande wa kulia, siku ya Jumatatu katikati ya Februari, katika hospitali moja mjini Moshi. Hana kisukari, presha yake iko sawa, havuti sigara. Pasaka inaangukia siku ya 48 baada ya upasuaji. Ni kisa cha mfano, hakuna mtu wa kumtafuta.

Karatasi aliyotoka nayo hospitali ilikuwa na mistari mitatu: apumzike wiki 6, asibebe vitu vizito, arudi siku ya 10 kutoa nyuzi. Basi. Karibu kila kilichoharibika baadaye kinaanzia kwenye ile mistari miwili ya kwanza. Si kwamba ni ya uongo. Tatizo ni kwamba haielezi kupumzika maana yake nini, kizito kinaanzia kilo ngapi, wala haigusi jambo ambalo mpuliza tarumbeta analifanya kuliko wanakwaya wote: kulisukuma tumbo kutoka ndani.

Kilichofanyika mezani

Alipigwa sindano ya ganzi ya mgongoni, akapasuliwa kinenani, kifuko cha ngiri kikarudishwa ndani, kisha ukawekwa wavu wa polipropilini (aina ya plastiki) wa takriban sentimita 15 kwa 7.5 juu ya ukuta uliolegea na kushonwa pembeni. Faida ya wavu ni kwamba nyama hazivutwi kwa nguvu ili zikutane, kama ilivyokuwa kwa mishono ya zamani. Siku za mwanzo wavu unashikiliwa na nyuzi; baada ya hapo tishu za mwili huota na kupenya kwenye matundu yake, kazi inayochukua wiki kadhaa. Ngozi nayo ina ratiba yake. Katika wiki ya 3 mshono una robo hivi ya uimara wa ngozi ya kawaida, na hata miezi 3 ikipita unafikia kama asilimia 80. Haurudi kuwa 100.

Kuhusu muda wa kupumzika, wataalamu wenyewe hawasemi kitu kimoja. Miongozo ya kimataifa ya ngiri ya kinena iliyochapishwa 2018 inataka mgonjwa asiye na matatizo arudie shughuli zake za kawaida mara tu maumivu yanapomruhusu, na kwa wengi hizo ni siku 3 hadi 5. Madaktari wengi bado wanataka wiki 4 hadi 6 kabla ya mizigo na kazi za nguvu. Mgongano si mkubwa ukikumbuka kwamba shughuli za kawaida kwa mtu wa ofisini ni kukaa kitini, na kwa mtu wa mlimani ni kushusha mkungu wa ndizi na kupanda nao.

Siku ya 1 hadi ya 7: kitanda kinazidi

Nyumbani neno "apumzike" lilisomeka kama "alale". Mkewe alitandika kitanda sebuleni, wageni wakaja na mtori (supu nzito ya ndizi), na mwalimu akawa anainuka kwenda chooni tu. Ni upendo, na ni kosa. Mtu aliyepasuliwa kinena anatakiwa atembee jioni ya siku ileile au kesho yake asubuhi: dakika 5 kila saa akiwa macho, ndani ya nyumba au uani. Kulala muda mrefu kunatuliza damu kwenye miguu hadi inaweza kuganda, kunalegeza mapafu, na kunafunga choo.

Choo ndicho kilichoanza. Siku ya 5 ilifika hajapata choo tangu upasuaji. Visababishi vilikuwa vitatu, vyote sebuleni: tramadoli, dawa kali ya maumivu, miligramu 50 mara tatu kwa siku, ambayo hupunguza mwendo wa utumbo; maji kidogo, maana alikuwa anaogopa safari za msalani; na mtori bakuli kwa bakuli bila mboga wala tunda. Akaanza kujikamua. Kujikamua chooni ni mzigo kwa mshono, na mgonjwa aliyekatazwa hata kunyanyua dumu la maji alikuwa anafanya kazi hiyo mara tatu kwa siku milango ikiwa imefungwa.

Dawa yake haikuwa ngumu. Tramadoli ikaachwa siku ya 5, kwa sababu maumivu yalikuwa yameshuka. Ikabaki parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6 hadi 8, isizidi gramu 4 kwa siku, na ibuprofeni miligramu 400 mara tatu baada ya chakula. Maji lita 2 kwa siku. Papai bivu asubuhi, mchicha au kunde mchana. Laktulosi, dawa ya kulainisha choo, mililita 15 asubuhi na jioni. Siku ya 7 choo kikapatikana bila vita. Katika nyumba yenye choo cha kuchuchumaa, kuchuchumaa kwenyewe hakuna ubaya; kinachouma ni kuinuka kwa kasi bila pa kushika. Stuli ya mbao iliyotobolewa katikati, au kamba imara iliyofungwa kwenye nguzo, inatosha kwa wiki mbili.

Hapo kwenye dawa palikuwa na mtego mwingine. Shemeji alimletea diklofenaki kutoka duka la dawa "za kuongezea nguvu". Diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu. Ukizimeza pamoja maumivu hayapungui maradufu, ila tumbo na figo zinaumia maradufu. Na mbege, pombe ya ndizi, ilikuwa imeshafika uani. Kwa mtu ambaye tramadoli bado imo mwilini, kilevi kinazidisha usingizi na kizunguzungu, na mtu akianguka siku ya 5 hilo ni tatizo kubwa kuliko ngiri yenyewe.

Kuamka kitandani kunastahili maelezo kamili, kwa sababu watu hujiumiza hapo kila asubuhi. Kunja magoti. Geuka wote kwa pamoja, mabega na nyonga, ulalie ubavu. Teremsha miguu nje ya kitanda na wakati huohuo sukuma godoro kwa kiwiko na kiganja, ukitoa pumzi. Usinyanyuke moja kwa moja kwa tumbo kama anayeokota kitu miguuni. Februari Machame ni vumbi na kikohozi. Kanga iliyokunjwa mara nne na kukandamizwa juu ya mshono kabla ya kukohoa au kupiga chafya inapunguza maumivu sana. Kanga mbili, kwa kweli, moja iwe inafuliwa.

Uvilio mweusi ulioshuka hadi kwenye korodani ulimtisha mke siku ya 3. Ni damu inayoteremka kwa uzito wake, hufifia ndani ya wiki mbili, na chupi ya kubana inasaidia. Ganzi chini ya mshono nayo ni ya kawaida, maana neva ndogo za ngozi hupita palepale. Inaweza kubaki kwa miezi.

Siku ya 8: nyuma ya banda la ng'ombe

Sasa kiini cha kisa. Wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame 1893, na upulizaji wa matarumbeta wa makanisa ya Kilutheri ya Kijerumani ukashika mizizi mlimani kiasi kwamba leo harusi ya Moshi bila pikapu yenye matarumbeta mbele ya msafara inaonekana kama imesahau kitu. Kwa mtu aliyepuliza miaka 30, wiki ya kwanza bila chombo inauma kuliko mshono. Siku ya 8 mwalimu alichukua tarumbeta, akaenda nyuma ya banda, akapuliza ubeti mmoja. Mistari miwili ya kwanza ilipita. Kwenye noti ya juu ya mstari wa tatu maumivu yakamchoma kinenani, akaacha.

Kwa nini pale na si mwanzoni? Presha ya hewa ambayo mpulizaji anahitaji inapanda kwa mambo mawili: urefu wa noti na ukubwa wa sauti. Noti ya chini kwa sauti laini inahitaji kidogo tu. Noti ya juu kwa nguvu, kwenye tarumbeta, inaweza kupita milimita 100 za zebaki mdomoni, na presha hiyo inatengenezwa na misuli ya tumbo.

Linganisha na maisha ya kila siku. Vipimo vilivyochapishwa 2005, vilivyochukuliwa kwa vijana 20 wenye afya, vilionyesha presha ndani ya tumbo ya karibu milimita 2 mtu akiwa amelala chali, 20 akiwa amesimama, 69 hivi akipanda ngazi, 107 akikohoa amesimama, na 171 akiruka. Maana yake ni kwamba mwili wa mwalimu tayari ulikuwa unakutana na presha ya noti ya juu kila alipokohoa vumbi. Lakini kikohozi ni kufumba na kufumbua. Mstari wa wimbo ni sekunde 8 hadi 10, beti nne, nyimbo sita. Kinachochosha mshono ni ile presha kukaa.

Jambo la pili wapulizaji wanalijua lakini hawalihusishi na tumbo: midomo. Wiki moja bila kupuliza, misuli ya midomo inalegea. Mpulizaji mwenye midomo iliyolegea akitafuta noti ya juu haipati kwa midomo, anaipata kwa kusukuma tumbo zaidi. Kwa hiyo noti ileile siku ya 8 ilimgharimu presha kubwa kuliko ingemgharimu kabla ya upasuaji.

Siku ya 10 nyuzi zilitolewa. Nesi alimuuliza vizuri tu: "Shikamoo mwalimu, kuna kitu umebeba?" Akajibu, "Marahaba. Sijabeba kitu." Ilikuwa kweli. Tarumbeta ina uzito wa kilo 1 na kidogo. Hakuna aliyefikiria kuuliza kuhusu kupuliza.

Siku ya 12: besi

Jumamosi palikuwa na harusi. Kiongozi wa kikundi, mtu muungwana, aliona amepata ufumbuzi: "Mwalimu, chukua besi, ile haisumbui, pumzi yake ni ya kawaida." Kwa upande wa presha alikuwa sahihi kabisa. Besi, chombo kikubwa chenye sauti nene kabisa katika kikundi, hutumia hewa nyingi kwa presha ndogo, kinyume cha tarumbeta. (Tuache kwamba kipulizio chake, kile kipande cha kuwekea midomo, upana wake ni karibu mara mbili na mdomo wa tarumbeta hauzoei kwa siku moja.) Ila besi kubwa ina kilo 9 hadi 12, na nafasi yake kwenye harusi ni nyuma ya pikapu. Mwalimu aliinyanyua kutoka chini, akajizungusha kiunoni, akaipandisha juu ya bodi ya gari, kisha akapanda mwenyewe kwa kuvuta mikono. Halafu kilomita kadhaa za mashimo, amesimama, anakaza tumbo kila gari linaporuka.

Alibadilisha presha ya pumzi kwa uzito wa chombo, na hakuna aliyeona kwamba ni kubadilishana. Jioni palikuwa na uvimbe kinenani, wa ukubwa wa yai la kuku. Nyumba nzima ikaamini ngiri imerudi.

Jumatatu alirudi kliniki. Uchunguzi wa uvimbe kama huu unataka majibu ya maswali machache. Je, unaongezeka mgonjwa akikohoa huku mkono uko juu yake? Haukuongezeka. Je, unarudi ndani ukibonyezwa taratibu au akilala? Haukurudi, wala haukupungua. Ngozi ni nyekundu, ya moto? Hapana. Homa? Nyuzi 36.8. Anatapika, tumbo limejaa, hapati choo wala upepo? Hapana. Ultrasaundi ikaonyesha majimaji juu ya wavu, na wavu mahali pake. Hiyo ni seroma: maji ya mwili yanayojikusanya katika nafasi iliyoachwa na kifuko cha ngiri. Mara nyingi hujitokeza katika wiki mbili za kwanza hata kwa aliyelala kama gogo, kwa hiyo haiwezekani kuitwika besi lawama yote. Pengine ingetokea, pengine pikapu iliiongeza.

Haikunyonywa kwa sindano, na hiyo ilikuwa hukumu nzuri. Sindano inaweza kupeleka vijidudu kwenye wavu, na wavu ulioambukizwa unaweza kulazimu upasuaji mwingine, wakati seroma ya ukubwa ule hufyonzwa na mwili yenyewe kwa wiki 4 hadi 8. Picha ingekuwa nyingine kabisa kama uvimbe ungekuwa mgumu, wenye maumivu makali, unaambatana na kutapika, au unaokua kwa saa. Huo hausubiri Jumatatu. Vivyo hivyo usaha, homa ya nyuzi 38 na zaidi, kushindwa kukojoa, mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye misuli ya nyuma, au kifua kubana.

Mpango uliotengenezwa upya

Safari hii karatasi iliandikwa kwa vitu vya nyumbani kwake. Hadi mwisho wa wiki ya 4: mwisho kilo 5, yaani dumu moja la lita 5, likishikwa karibu na mwili. Wiki ya 5 na ya 6: nusu ndoo, kilo 10. Ndoo ya lita 20 na mkungu wa ndizi, ambao hupita kilo 20 bila shida, baada ya wiki ya 6, na tu kama siku ya nusu ndoo haikufuatiwa na maumivu kesho yake. Kukata majani makavu ya migomba kwa panga jepesi, bila kunyoosha mikono juu sana, ruksa tangu wiki ya 3. Jembe wiki ya 6. Kuzibua mfereji wa maji wiki ya 8, kwa kuwa kuchota tope kwa koleo na kulirusha pembeni ni kunyanyua na kujizungusha kwa pamoja.

Kutembea kulipangwa kwa mteremko. Mlimani kosa la kawaida ni kuteremka kwanza, kwa kuwa ni rahisi, kisha mtu anajikuta chini amechoka na kilima chote kiko mbele yake. Aanze kupanda, ageuke akiwa bado ana nguvu, arudi kwa kuteremka. Dakika 10 wiki ya 3, aongeze dakika 5 kila siku mbili. Masika yakianza, udongo mwekundu wa vichochoro unateleza, na mtu anayeteleza hukaza tumbo ghafla kuliko anavyoweza kujizuia; hapo anatembea barabarani, au hatembei siku hiyo.

Kuhusu chombo, mlango wa kuingilia haukuwa tarehe. Ulikuwa kipimo: asimame, aweke kiganja juu ya mshono, akohoe mara tatu. Kama maumivu hayazidi 2 kwa kipimo cha 10, anaendelea na hatua ya siku hiyo. Yakizidi, anasubiri siku mbili.

Wiki ya 3, kipulizio peke yake, bila tarumbeta, amekaa kwenye kiti chenye mgongo: dakika 5 asubuhi na 5 jioni, sauti laini, za chini, ndefu. Lengo ni midomo. Muziki utasubiri. Wiki ya 4, tarumbeta yenyewe, bado amekaa, noti za chini tu, dakika 10, na kila dakika ya kupuliza ilipwe kwa dakika ya kupumzika. Wiki ya 5, dakika 20, noti za kati, sauti ya kadiri. Wiki ya 6, mazoezi na kikundi, sauti ya pili, ubeti mmoja anapuliza na mmoja anasikiliza. Kanuni moja kwa wiki zote: pumzi isizuiwe kabla ya noti. Wapulizaji wengi huvuta hewa, wanaifungia kooni, wanakaza tumbo, ndipo wanaachia; ile nusu sekunde ya kufungia ndiyo yenye presha kubwa isiyo na kazi yoyote. Hewa iingie na itoke kwa mwendo mmoja, kama kupuliza moto wa jikoni.

Hatua ya wiki ya 4 ilikwama. Siku ya tatu alipata maumivu ya kuvuta, si kinenani bali juu kidogo, yakabaki hadi kesho yake asubuhi. Alikuwa amezidisha, dakika 25 badala ya 10, kwa kuwa noti za chini zilikuwa zinatoka vizuri. Alirudishwa kwenye kipulizio siku tatu. Maumivu yanayoisha ndani ya saa moja baada ya zoezi ni ya mazoezi. Yanayolala na mtu hadi asubuhi yanasema kipimo kilizidi. Kwa wapenzi wa jambo, kipimo hiki cha asubuhi ni bora kuliko kuwauliza jioni, jioni hawasemi kweli.

Siku ya 48 alipuliza ibada ya Pasaka akiwa amesimama, sauti ya pili, nyimbo nne kati ya saba. Sauti ya kwanza ilishikwa na kijana ambaye noti zake za juu zilikuwa zinakatika, na mwalimu alivumilia. Uvimbe ulikuwa umebaki kama kokwa la parachichi. Ganzi chini ya mshono ilikuwepo palepale; atapimwa tena wiki ya 12, kwa kuwa takriban wagonjwa 10 kati ya 100 hubaki na maumivu yanayovuka miezi 3 baada ya upasuaji huu, na ni vizuri kuyajua mapema. Besi ilipandishwa kwenye pikapu na vijana wawili wa kipaimara, mmoja juu na mmoja chini.